Jino la Mjomba

Dada yangu alijifunza Kiingereza cha juu kwa kukusanya maumivu ya ukoo mzima.

Alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali ambako mimi nasukuma machela. Alikuja daktari mgeni, bingwa wa matumbo, asiyejua hata salamu ya lugha yetu, na hospitali ikatafuta mkalimani mmoja. Dada akajiandikisha kwa majaribio. Kiingereza cha shule alikuwa nacho, cha kuomba maji na kuulizia njia. Akikosa nafasi ile, angerudi kwenye mvuke na sabuni, na mikono yake ilikuwa imeshachubuka vya kutosha.

Mimi natunga mashairi, na maneno mazito ya Kiingereza ninayo tele, niliyoyachimba mwenyewe bila mwalimu. Nikammwagia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni mgonjwa gani atayahitaji hayo. Nilinuna siku nzima.

Yeye hakukubali neno mpaka ampate mtu wa kulibeba. Goti la mama hufukuta. Alimdadisi linafukutaje, ndipo akafungua kamusi kutafuta neno linalofukuta vivyo hivyo. Bibi alimpa ganzi ya vidole. Shemeji alitoa tumbo la kusokota, huku akilalamika kwamba nyumba hii hata kuumwa kumegeuzwa masomo. Mjomba, aliyekuwa na jino linalopwita, likidunda kama moyo, alinyimwa dawa mpaka aeleze kwanza.

"Nikifa," alisema, ameshika shavu, "waambieni watu nimekufa kwa Kiingereza."

Siku ya majaribio, mimi ndiye niliyemsukuma mgonjwa hadi chumbani, dereva wa lori mwenye mvi, amejikunja kama kamba. Msimamizi wa majaribio akaniambia nisubiri mlangoni. Daktari aliuliza, dada akafasiri.

"Tumbo linauma," dereva akajibu.

Linauma vipi? Linauma tu. Msimamizi akatazama saa. Niliona mvuke wa chumba cha kufulia ukimsubiri dada yangu.

Akamwomba daktari ruhusa kwa Kiingereza cha adabu, kisha akamwinamia yule mzee. "Baba, linakata? Linasokota? Linachoma? Au linapwita?"

Uso wa dereva ukafunguka, kama mtu aliyepotea akasikia anaitwa jina lake.

"Lilianza kwa kusokota, mwanangu," alisema taratibu. "Sasa limehamia huku chini, kulia. Nikikohoa linachoma kama kisu. Nikitulia, linapwita."

Dada akayavusha. La kusokota likatoka. La kisu likatoka. La kupwita likagoma. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukashika shavu, na hapo hapo neno likaja. Daktari akachukua tochi, akamwashiria dereva apanue kinywa.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Samahani, daktari," dada akasema kwa Kiingereza. "Hilo ni jino la mjomba wangu."

Daktari alimtazama kidogo, kisha akacheka hadi machozi. Akiwa bado anacheka aliweka tochi chini, akabonyeza tumbo upande wa kulia, akaachia ghafla. Dereva akaguta kwa maumivu. Kicheko kikakatika: apelekwe chumba cha upasuaji sasa hivi. Akamwambia msimamizi asiite mtahiniwa mwingine, na dada aandamane na mgonjwa.

Tukaenda mbio koridoni, mimi nyuma ya machela, yeye ubavuni. Maneno yaliyokusanywa sebuleni kwetu, kwenye goti na jino na tumbo la shemeji, yalikuwa yamepita mdomoni mwake yakaingia kwenye vidole vya daktari, na mtu angeishi. Sijawahi kuandika ubeti uliofanya hivyo.

"Ameyajuaje maumivu yangu?" dereva aliniuliza. Nilisukuma machela kwa kasi zaidi.

Jioni nilimwambia dada kwamba mgongo unaniuma. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akatulia kabisa.

"Unauma vipi?"

Nikaanza kutafuta neno.