Mahali pa Kuinama

Huko bandarini Devonport, winchi iling'oa mirija ya kufyatulia topedo kwenye sitaha ya nyuma ya manowari yao, pakafungwa mzinga wa kutungulia ndege. Wenzake baharia mkongwe Tregenza walioihudumia mirija ile wakatawanywa kwenye meli nyingine. Yeye akabakizwa kupokeza risasi za mzinga, kati ya vijana asiowajua.

Mirija ile ilikuwa imejitokeza hadi njiani, na asiyeinama alipasuka kipaji cha uso. Zamu baada ya zamu, Tregenza aliendelea kuinama hata palipobaki hewa tupu, kikombe cha mgao wake wa ramu mkononi.

"Unamsujudia nani, mzee wetu? Mfalme?" vijana wakamcheka.

"Nyamazeni, watoto wa juzi nyie! Mngemwona Hocking alivyoshonwa kichwa, msingecheka."

"Hocking ndiye nani?"

Tregenza akawapa mgongo. Ramu yake akainywa peke yake, kaegemea reli ya sitaha.

Zikapita wiki. Asubuhi moja baharini alipita pale ilipokuwa mirija wima, akiwazia chai tu. Mbele kidogo akasimama ghafla. Akageuka, akarudi alikotoka, akapita tena, safari hii ameinama.