Kaya Tisa Tumboni mwa Yurub

Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, Yurub Abdikafi alitamani mahindi ya kuchemsha. Alikuwa mezani pake katika ofisi ya shirika moja la misaada mjini Garissa, feni inazunguka juu, vibakuli vyake viwili vya plastiki vimewekwa kando ya kompyuta: kimoja cha mtindi, kimoja cha yai lililopondwa. Hakuwa mtu wa mahindi. Alikulia kwenye chapati laini za anjera na nyama kavu ya nyirinyiri, na mahindi ya kuchemsha aliyaonja shuleni tu, akayaacha kwenye sahani.

Alifungua daftari, akaandika saa, akaandika kitu alichotamani. Daftari hilo alipewa na Leyla, mtaalamu wa lishe wa kliniki. Miezi kumi na moja nyuma daktari wa Nairobi alikuwa amekata robo tatu ya tumbo la Yurub na kumwachia kipande chembamba kama ndizi, kisichobeba zaidi ya nusu kikombe. Tangu hapo kilo arobaini na moja zilikuwa zimemtoka. Magoti yaliacha kuuma. Sukari ya damu ilitulia. Shangazi zake walimwuliza kwa sauti ya chini ana ugonjwa gani, maana mwanamke wa ukoo wao hapungui bure.

Leyla alikuwa amemtahadharisha mapema. Karibu na mwaka mmoja tamaa hurudi, alisema. Mtu hawezi tena kumaliza sahani, kwa hiyo hudokoa kutwa, kidogo hiki, kidogo kile. Dawa yake ni kujiuliza kila mara: hii ni njaa ya tumbo au njaa ya kichwa?

Kufikia Ijumaa daftari lilikuwa na tamaa tisa, na kila moja ilikuja kwa saa yake, haikosei. Mahindi saa nne na dakika kumi. Chai nyeusi yenye sukari nyingi saa tano. Uji, mara mbili, lakini uji wa watu wawili tofauti, mmoja mzito na mmoja wa kunywa. Saa kumi alasiri, biskuti mbili za glukosi zilizochovywa kwenye chai ya maziwa ya ngamia.

Yurub alikuwa mtu wa takwimu. Alijiuliza ni kitu gani kingine alichokihesabu wiki ile kikawa tisa, na hakuhitaji kufikiri sana. Jumatatu ile ile, saa tatu, meneja wake Issack alisimama nyuma ya kiti chake na karatasi mkononi.

"Stoo ina magunia pungufu," alisema. "Orodha lazima ikubaliane na stoo."

Hakusema magunia yamekwenda wapi. Lori lilikuwa limeyapakia mbele ya dirisha la ofisi, mchana kweupe, na walinzi walisaidia kubeba. Issack alitia alama kaya tisa za kijiji kimoja nje ya Balambala, watu waliofiwa na mifugo wakabaki na mbuzi wachache. Mfumo ulidai sababu ya kila mstari unaofutwa, nao ulitoa chaguo tatu: amefariki, amehama, hastahili. Yurub alichagua "amehama", mara tisa.

Simu ilikuja wiki iliyofuata.

"Abaayo, dada yangu, wewe ndiye Yurub wa orodha?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Ebla, kaya ya saba. Ule uji wa jana, chumvi ilizidi. Watu wamekunywa maji mpaka mapipa yamekauka."

Yurub aliukumbuka uji huo. Alisema atapunguza.

"Na mzee Barre anauliza, ile chai yako ni ya wagonjwa? Haina sukari hata chembe."

"Daktari amenikataza sukari."

"Amekukataza wewe. Barre amemkosea nini?"

Kuanzia siku hiyo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Tamaa ilipokuja, Yurub alikula vijiko vitatu au vinne vya kile kilichotamaniwa, na kaya iliyokitamani ilishiba. Yeye mwenyewe hakubakiwa na kitu. Njaa yake, ambayo ilikuwa ya kumi, ilikuja saa saba mchana na mara nyingi ilikuta kifuko cha tumbo kimejaa, ikaondoka. Wenzake ofisini walimwona akitafuna kuanzia asubuhi hadi jioni huku nguo zikizidi kumpwaya, wakamwambia apunguze mawazo.

Jumamosi moja alikodi gari na kupeleka unga, mafuta na katoni ya biskuti. Alipofika mahali palipoandikwa kwenye ramani ya ofisi alikuta ardhi tupu, miba na upepo. Kwenye orodha kaya tisa zilikuwa zimehama, kwa hiyo hazikuonekana. Alipiga simu. Ikalia hatua kumi mbele yake, juu ya mchanga mtupu, karibu na mahali ambapo mbuzi asiyeonekana alikuwa akikohoa.

"Nakuona," Ebla alisema. "Wallahi umekonda. Nani amekwambia uvae viatu hivyo huku?"

"Nimeleta unga."

"Tunauona. Nimejaribu kuushika, mkono unapita. Barre naye amejaribu, amekasirika, amekwenda kulala. Rudi nyumbani, abaayo, uendelee kula."

Sauti ya mtoto ilisikika, kavu na ya karibu. Ebla alisema huyo ni Qali, binti yake wa miaka sita, mwenye ile tamaa ya saa kumi. Alikuwa na homa kwa wiki mbili na kila kitu alikitapika isipokuwa zile biskuti. "Wengine ukiwachelewesha watanung'unika," Ebla alisema. "Huyu usimcheleweshe."

Yurub aliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Kule kliniki, Leyla alisoma kurasa zote bila kuruka. Aliona milo midogo tisa au kumi kwa siku. Alimpandisha kwenye mzani, akakuta kilo zimepungua tena sita.

"Njaa ya tumbo au ya kichwa?" aliuliza.

"Ya Balambala."

"Fomu ina nafasi mbili tu," Leyla alisema, akatia alama penye "kichwa". Kisha akampa kadi ya mbinu za kuzuia kudokoa na kumsihi azijaribu zote, kwa sababu kifuko kilikuwa kimeanza kuvimba pale kilipojikunja, na kikiziba kabisa mambo yatakuwa mengine.

Yurub alizijaribu, shingo upande. Mbinu ya kwanza ilikuwa kunywa maji kila tamaa ikija. Ebla alipiga jioni. "Leo umetunywesha maji kutwa. Tukitembea tunalia kama viriba." Ya pili ilikuwa kupiga mswaki papo hapo, ili ladha ya dawa ifukuze hamu. Kijiji kizima kikatema povu jeupe, na mzee Barre, aliyekuwa katikati ya swala ya adhuhuri, ilimbidi aanze upya. Mbinu ya tatu ilikuwa kusubiri dakika ishirini bila kufanya chochote. Yurub aliitumia kwa kaya mbili tu, ambazo Ebla alisema zina mbuzi wa kukamua. Saa kumi hakuigusa.

Alijua hesabu haiwezi kusimama hivyo. Nusu kikombe ni nusu kikombe. Alhamisi aliingia kwa Issack na kufunga mlango.

"Zile kaya tisa hazijahama," alisema. "Nataka kuzirudisha kwenye orodha."

"Umejuaje hazijahama?"

"Zinanipigia simu."

Issack alikubali kwa kichwa. Hakuwa mtu mbishi. "Hali yao ikoje? Wanakula?"

"Wanakula."

"Wanakula wapi?"

"Kwangu," Yurub alisema, akaonyesha mahali palipokuwa na makovu matano madogo chini ya nguo.

Issack alilitazama tumbo hilo kwa muda kama mtu anayekagua ghala. Kisha akafungua kanuni za shirika, akageuza kurasa, akampa asome mwenyewe. Kaya inayopata chakula kutoka kwa mfadhili mwingine haistahili kuandikishwa.

"Mimi si mfadhili, adeer. Mimi ni karani."

"Kanuni haisemi mfadhili awe na cheo gani. Wana chakula, Yurub. Kuna watu Lafey hawana hata karani." Alifunga kitabu. "Na ukiwaacha ili wastahili, nitahitaji miezi mitatu ya ushahidi kwamba hawali."

Alirudi mezani pake. Ilikuwa saa tano, akanywa chai nyeusi yenye sukari ya mzee Barre, moyo ukamwenda mbio na jasho likamtoka kama inavyokuwa kwa watu waliokatwa tumbo wakila sukari. Alijikaza. Saa kumi alichovya biskuti.

Jumapili kifuko kiliziba. Alitapika uji, akatapika maji, kisha akatapika mate. Hospitalini walimlaza kitandani, wakamwekea dripu, na juu ya kichwa chake wakabandika karatasi: asile wala asinywe kitu kwa siku nne.

Alimweleza nesi kwamba kuna watu wanamtegemea. Nesi, mama mtu mzima mwenye miwani, aliuliza ni wangapi, akaambiwa arobaini na watatu. Aliinua mfuko wa dripu kwenye mwanga.

"Hii huingia kwenye mshipa," alisema. "Haipiti tumboni. Itakufaa wewe peke yako."

"Biskuti moja tu. Saa kumi."

"Biskuti moja itapasua ulichobaki nacho, mama, kisha arobaini na watatu na wewe mtakuwa arobaini na wanne."

Yurub alimpigia Issack. Alimwomba magunia mawili tu, au moja, au chochote, kwa siku nne, akaahidi kusaini yeye. Issack alimpa pole na kumwombea shifaa kwa Mwenyezi Mungu. Kisha akauliza atoe magunia hayo kwa majina ya nani, kwa kuwa hayo majina tisa hayamo kwenye mfumo, na hata akiyatoa, gari litashusha wapi? Yurub mwenyewe alikuwa amesimama mahali hapo, akaona mchanga.

Siku ya kwanza tamaa zote tisa zilikuja kwa saa zake. Alilala chali na kuziacha zipite, moja baada ya nyingine. Siku ya pili zilikuja kwa nguvu zaidi, na ile ya saa kumi ilikaa mpaka magharibi. Siku ya tatu nesi alimkuta ameinuka kitandani, pakiti ya biskuti ya mgonjwa wa jirani mkononi, akamnyang'anya bila ugomvi na kuiweka kwenye mfuko wa koti lake. Siku ya nne tamaa zilikuwa nane.

Aliruhusiwa kutoka Ijumaa, na amri ya kuanza na supu, kijiko kwa kijiko. Alikunywa ya mahindi kwanza, ikatulia. Saa kumi kamili alikuwa jikoni kwake, biskuti mbili juu ya sahani, chai inapoa. Alingoja hamu. Alingoja dakika ishirini, kisha dakika ishirini nyingine. Hakuwa na hamu ya kitu chochote. Simu ikalia.

"Abaayo, umepona?" Ebla aliuliza.

"Nimepona."

"Alhamdulillahi. Hapa walisema umekufa, Barre akasema hapana, angekufa tungesikia ladha." Mbuzi alikohoa. "Saa kumi usijisumbue tena."

Yurub alisema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, na Ebla akaitikia.

"Hiyo saa ikibaki tupu ni hasara," Ebla alisema, kwa sauti ile ile aliyolalamikia chumvi. "Kaya ya nne wana mtoto mchanga, mama hana maziwa. Wanaomba supu, kama unaiweza."

"Isiyo na chumvi?"

"Iwe na kidogo."

Yurub aliziweka biskuti kabatini, akabandika sufuria. Jumatatu alirudi kazini. Issack alileta taarifa za mwezi kutoka Balambala ili waliofariki waondolewe kwenye orodha, na Yurub akapitia karatasi zote, kijiji baada ya kijiji, mpaka mwisho, akifuta mmoja mmoja na kuchagua sababu. Qali hakumfuta. Jina lake halikuwamo.