Nyati wa Mheshimiwa

Kiti cha Allahdad Khan katika bunge la mkoa wa Sindh, Pakistan, kilikuwa cha baba yake, na kabla ya hapo cha babu yake. Walikirithishana kama shamba. Mihula mitatu Allahdad alikaa Karachi, liliko bunge hilo, akahama chama mara mbili, na kila alipohama alirudi kijijini kuwaambia watu kwamba safari hii maendeleo yanakuja kweli. Yaliyokuja ni zahanati moja. Aliifungua kwa ngoma, jina lake likachongwa ukutani kwa herufi kubwa, kisha akaondoka na ufunguo. Nesi hakuletwa. Badala yake waliingizwa nyati wake wa kufugwa, wa maziwa, maana sakafu ilikuwa ya saruji na feni zilikuwa zinazunguka.

Shahul, bintiye Mai Bhagul, alifia njiani kwa uzazi, juu ya kitanda cha kamba kilichopakiwa kwenye tela la trekta, mji ukiwa bado mbali. Walipopita mbele ya zahanati, Bhagul aliwasikia nyati wakicheua mle ndani.

Tangu siku ile hasira haikumwacha alale. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza wanawake kama watalipigia kura zizi. Maneno yakamfikia Allahdad, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Akafanya wanachofanya wakubwa wa Sindh wakibanwa: akamtuma mama yake.

Bibi yule akaja na wake wawili wa wanawe, kichwani kabeba Msahafu uliofungwa kwa hariri. Wanawake wakikujia hivyo kuomba msamaha, hata wa damu iliyomwagwa, huwarudishi mikono mitupu. Hawaketi wala hawanywi maji mpaka uwajibu. Bhagul alijua anazibwa mdomo, na roho ilimuuma.

"Msamehe mwanangu, dada," bibi akasema. "Usimtazame yeye. Tazama nilichobeba."

Misri, mume wa Bhagul, akanong'ona, "Mke wangu, usituaibishe."

"Nyamaza wewe! Aibu iko kule zahanati, inakula majani!" Kisha akamgeukia mgeni. "Nimemsamehe. Kwa ajili ya ulichobeba, si kwa ajili yake. Keti, mama, unywe chai."

Chai ililetwa na Nazul, mke wa mwanawe Bhagul, tumbo limetangulia, mimba ya miezi saba. Bhagul akalitazama lile tumbo, na hasira yake ikapata njia.

Kesho yake mchana, Allahdad akiwa ukumbini na wazee wa koo waliokuja kumwahidi kura, wanawake wa kijiji wakaingia. Mbele yao Bhagul, Msahafu kichwani. Wanaume wote wakasimama.

"Karibu, mama. Keti," akasema Allahdad, tabasamu likimkauka.

"Hatuketi, Sain, bwana wetu. Toa nyati wako zahanati, ulete nesi. Mke wa mwanangu anakaribia kujifungua."

"Hilo tu? Uchaguzi ukiisha, kwa heshima yenu..."

"Binti yangu alingojewa na uchaguzi gani?" Sauti ya Bhagul ilipasuka. "Mama yako alikuja kwangu, nikamjibu palepale, na kidonda changu kibichi! Leo zamu yako."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Allahdad akatafuta wa kumwokoa, wazee wakatazama viatu vyao. Ndipo pazia la ndani likafunuliwa, mama yake akatokea.

"Wakubalie," akasema. "Mimi nilikubaliwa."

Akakubali. Gari likatumwa mjini kumleta nesi, na jioni ile ile nyati wakatolewa mmoja mmoja, wakipita chini ya jina la mwenyewe. Allahdad alisimama barabarani akiwatazama. Alipomwona Bhagul akiingia na ndoo na fagio, akamsogelea.

"Sasa, mama, mambo yamekwisha. Na kura zenu je?"

"Kura mama yako hakuiomba," akasema Bhagul. "Aliomba msamaha, nami nimeutoa."

Akainama, akaendelea kukwangua mavi sakafuni.