Darubini ya Kwenda Nayo Mnarani

Tangu kulipopambazuka Kiguu alikuwa mguu nje, mguu ndani. Alivaa viatu kabla ya kunawa uso, akavivua, akavivaa tena. Alitoka mbio mpaka duka la vioo la mtaa wa pili kuona kama limefunguliwa, akarudi akamkuta bintiye ndiyo kwanza anafunika cherehani.

"Baba, duka halina miguu. Halikimbii popote."

"Duka halikimbii. Na mwingine akiniwahi?"

"Nani mwingine mtaa huu anataka darubini? Watu hapa wanachunguliana bure."

Jina la Kiguu alipewa na madereva wenzake enzi hizo, kwa sababu hakuwahi kukaa mahali mpaka akajua jina la mwenye nyumba. Alikuwa ameendesha malori, akavunja mawe, akapika kwenye meli ya mizigo, akachoka kuona maji tu kila upande, akarudi kwenye malori. Sasa alikuwa mzee, analala chumba cha uani kwa bintiye fundi cherehani, na kuta za chumba hicho zilikuwa zinamsogelea kila siku. Mchana alikwenda stendi kuangalia mabasi yakiondoka. Alisaidia kupakia mizigo ya watu asiowajua, akawapungia mkono kama ndugu zake, kisha akarudi nyumbani kimya kama mtu aliyetoka kuzika.

Ndipo msimamizi wa shamba la miti, ambaye waliwahi kupiga kazi pamoja, alipompigia simu. Kiangazi kimeingia, misonobari imekauka, na mnara wa kuangalia moto hauna mtu. Aliyekuwepo ameacha kazi, ameshindwa na upweke.

Kiguu alicheka mpaka akapaliwa. Upweke! Yaani mtu analipwa kukaa juu na kutazama mbali, halafu analalamika?

"Ila njoo na darubini yako," msimamizi alimwambia. "Ya hapa imeingia ukungu ndani ya vioo. Uchague mwenyewe, jicho ni lako. Na uchague vizuri, mzee mwenzangu, maana chini ya mnara kuna kambi ya wakata miti, wapo na wake zao na watoto. Ukichelewa kuuona moto, hao ndio wa kwanza."

Kiguu akauza pikipiki yake siku hiyo hiyo. Bintiye hakumkataza. Alimkumbusha tu makubaliano yao. Babu yake Kiguu alikuwa dereva vilevile, na aling'ang'ania usukani mikono ikimtetemeka mpaka akaliingiza lori mtaroni na utingo wake ndani. Kiguu alikuwa ameapa mbele ya bintiye, siku aliyohamia pale uani: siku mikono yake itakapoanza mchezo ule, safari basi, atatulia nyumbani.

Na mikono ilikuwa imeshaanza. Ilianza na msimu wa baridi, akadhani ni baridi. Jua likarudi, mikono haikuacha. Hakumwambia mtu. Kikombe alikishika kwa viganja vyote viwili kama anayeota moto, na kazi ya kumtungia bintiye uzi kwenye sindano aliikwepa kwa kusingizia macho. Mkono ulioshika kitu kwa nguvu hautetemeki, hilo alilijua tangu zamani za usukani. Basi akaishi kwa kushikashika vitu.

Dukani walipokelewa na mwanamke mnene mwenye miwani puani na nyingine kichwani.

"Karibu mzee, karibu dada. Unataka ya kuangalia mpira, ndege, au mke wa mtu?"

"Moshi," Kiguu alisema.

"Mteja wa moshi sijawahi kumuuzia. Haya, tuanze."

Darubini ya kwanza ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Kiguu alipoitazamia, kila kitu kilionekana mara mbili na kichwa kikaanza kumgonga. "Vioo vya ndani havijakaa sambamba," muuza duka alisema, akaitupa pembeni bila huruma. Akamfundisha kuishika darubini mbali na uso, ielekee mwanga, aangalie viduara viwili vya nuru kwenye vioo vya nyuma. Vikiwa na pembe pembe, ujue mwanga unaibwa njiani. Vikiwa duara kamili kama sarafu, hiyo ni kazi ya fundi anayejiheshimu. Akamwonyesha rangi ya zambarau inayometa juu ya lenzi nzuri, na raba inayozuia maji yasipenye ndani. Kiguu aliitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikiliza. Macho yake yalishakwenda kwenye kabati la juu, kwenye darubini moja kubwa, nyeusi, nzito kama nondo.

"Nipe ile."

"Ile inavuta mara kumi na mbili, mzee."

"Ndiyo maana naitaka. Mimi siendi mnarani kuangalia karibu."

Alikwenda nayo mlangoni, akaegemea fremu, akabana viwiko kwenye mbao kama madereva wanavyojibanza dirishani. Mtaa wote ukamrukia usoni. Aliona kutu kwenye tangi la maji juu ya ghorofa la mbali. Aliona vibanio kwenye kamba ya nguo, hata kimoja kilichovunjika.

"Hii! Hii ndiyo yenyewe! Mama, njoo uone, yule bwana pale anajichokonoa pua hajui kama anaonwa!"

Bintiye akacheka. Muuza duka hakucheka.

"Toka hapo mlangoni, mzee. Simama katikati, viwiko visiguse kitu. Mnarani si utakuwa unazunguka pande zote?"

"Dereva husimama anavyotaka."

"Dereva," bintiye akasema, "simama katikati."

Akasimama katikati. Tangi la maji likaanza kuruka. Likapotea, likarudi, likapita tena kama limefungwa kwenye kamba na mtu anaitikisa. Kiguu akauma meno, akabana pumzi. Wapi.

"Unaona nini?" bintiye akauliza.

"Safi kabisa."

"Mzee, usione haya," muuza duka alimwambia kwa upole. "Ikikuza kitu inakuza na mtikisiko. Hata kwangu inaruka kidogo. Wengi wanaikimbilia kwa ukubwa, kesho wanairudisha."

Kiguu akashusha pumzi. Kumbe ni ya wote! Alikuwa anatafuta maneno ya kujitoa kimasomaso, bintiye akanyoosha mikono, ile mikono iliyozoea kupitisha kitambaa chini ya sindano kutwa nzima, akaichukua darubini, akatazama.

"Mbona kwangu imetulia?" akasema. Akaishusha taratibu. Sasa hakuwa anatazama tangi tena. Alimtazama baba yake.

"Kuna stendi ya miguu mitatu," muuza duka akadakia, maana aliona hewa imebadilika. "Ukiifunga hapo inatulia tuli."

Roho ya Kiguu ikapanda. Stendi! Angeweka stendi na maneno yakaishia hapo hapo. Angeibeba ile nyeusi, apande basi, na nani angejua? Lakini akamkumbuka msimamizi akimwambia kwamba ule mnara ni wa mbao na upepo wa kiangazi unauchezesha usiku na mchana. Stendi ingecheza nao. Akajiona yuko juu, amebeba kitu cha kutamba nacho, halafu msitu mzima unarukaruka ndani ya kioo, hujui upi ukungu upi moshi. Na chini kule watoto wanacheza kwenye maranda ya mbao.

Akaipeleka ile nyeusi mwenyewe kaunta.

"Nipe ndogo. Ile uliyosema ya kuangalia ndege."

Ilikuwa inavuta mara nane tu. Akaitazamia akiwa amesimama wima, katikati ya duka. Ilitikisika, ndiyo, ila kama basi linalotikisika ukiwa na usingizi wako. Na ilikuwa pana! Tangi na ghorofa na paa za nyuma vyote viliingia pamoja. Kule kwa muoka mikate kulikuwa na kitu cheupe kinapanda, na kule kwenye jengo jipya kitu cheupe kingine.

"Ule ni moshi," alisema polepole. "Ule mwingine ni saruji wanamwaga. Moshi una shina, unaota kutoka mahali pamoja. Vumbi halina shina."

Akaishusha, akaiweka juu ya kioo cha kabati, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya bintiye, mitupu, haijashika kitu.

"Inatetemeka, mama. Tangu baridi."

"Tangu baridi! Na ile sahani ya maua iliyovunjika ukamsingizia paka?"

"Paka naye alikuwepo."

"Baba!" Machozi yalimlengalenga, ila sauti ilikuwa ya ugomvi. "Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana."

Bintiye akaikamata ile darubini ndogo, akamwonyesha mlango. "Nenda mpaka mwisho wa mtaa."

"Kufanya nini?"

"Wewe nenda. Leo ndiyo unauliza safari ni ya nini?"

Kiguu akaenda. Mbele ya duka la mabati akageuka. Bintiye alikuwa mdogo kule mlangoni, ameinua darubini, amemwelekezea yeye. Kiguu akatia mikono mifukoni. Akaona huo ni uhuni. Akaitoa, akaiacha ining'inie ionekane inavyotaka.

Lori la mbao likapita, limejaa mpaka kamba zinalia. Hakukusudia, lakini shingo yake ilikwenda nalo, na mguu mmoja ukafuata, halafu wa pili. Alipokumbuka na kugeuka, bintiye alikuwa ameshusha darubini. Sijui analia, sijui anacheka. Kwa umbali ule hakuweza kujua, na darubini ilikuwa mikononi mwa bintiye.

"Rudi!" bintiye aliita, na mtaa mzima ukageuka. "Rudi nikupime mabega! Huu mkanda wao utakukata shingo, nitakushonea wa kuvaa kama mkoba. Na wiki ikipita hujanipigia simu ukaniambia mikono imeamkaje, nakuja kukushusha mwenyewe. Na mvua ya kwanza ikidondoka, unashuka. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama," alisema Kiguu akirudi kwa haraka, na kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshamuuliza mtu aliyepita basi la kwanza la kesho linaondoka saa ngapi.