Mji Ambamo Kila Mtoto Anaongezeka

Usinifundishe mtoto wangu, wifi, anasema Nakijwa, mimi ndiye ninayembeba, najua amekuwa mwepesi. Namsifu hainui macho kwenye kompyuta ya zahanati. Mgongo wako si mizani, wifi. Nimeiuliza mashine kama uzito unapanda, imejibu unapanda, miezi yote unapanda. Unataka nimwandikie rufaa ya hospitali kwa ushahidi wa mgongo? Ndiyo, mgongo! anafoka Nakijwa, na Elinipa, aliyefungwa humo mgongoni, hata halii. Joto la mchana limeganda chumbani. Namsifu anafumba macho kidogo tu, asije akasema neno baya, na kioo cha kompyuta kinalainika kama uji, paji lake la uso linazama, mabega yanafuata.

Ng'ambo kuna mji wa barabara zinazoshuka, zimepangwa sambamba, na kila mlango una mizani, na kila mizani ina mtoto anayening'inia ndani ya kaptura ya kupimia. Mtu asiye na uso anamshika kiwiko. Shuka, mama. Anashuka. Mlango wa kwanza kichanga, wa pili mtoto anayekaa, unaofuata anayetambaa, na kila mshale umepita ule wa nyuma. Unapanda, anasema asiye na uso. Chini kabisa barabara inageuka kuwa nyingine ileile, kichanga kilekile mwanzoni, na yule mtu anaimba unapanda, na Namsifu anashuka tena, mpaka hajui kama anashuka au amesimama na mji ndio unaopanda. Wewe, hebu acha kuniimbia, anasema. Mbona kila mlango ni mtoto mwingine? Uliuliza barabara, barabara imejibu, anasema asiye na uso. Watoto wenu ni wengi? Wengi. Majibu uliyopewa? Machache, moja kwa kila mwezi. Basi watoto wamejibiwa wapi?

Namsifu anasimama. Zahanati yao hupanga watoto kwa umri, mdogo juu, mkubwa chini, ndivyo walivyozoea. Anayeshuka lazima akutane na mzito zaidi, hata kama wote wanakonda. Kila mtoto ana safu yake iliyolala, miezi yake imepangwa kushoto kwenda kulia, na mashine huambiwa njia kwa tarakimu, moja kukata kwa upande, mwezi hadi mwezi wa mtoto mmoja, mbili kushuka, mtoto hadi mtoto. Aliandika mbili. Diploma nzima, na aliandika mbili! Anageuka, anakata kichochoro, na mji wote unageuka naye kama kioo kilichosukumwa. Mlango wa kwanza, Elinipa, mashavu yamejaa. Mlango wa pili, Elinipa. Wa tatu, Elinipa, na mshale unarudi nyuma, unarudi, na mlango wa mwisho kaptura inayumba kama imeanikwa. Amebaki kiasi gani? anapiga kelele. Yule asiye na uso anajibu kwa sauti ya Nakijwa: uliza mgongo.

Ndiyo, mgongo! Nakijwa bado anafoka, kana kwamba hajavuta hata pumzi. Kwenye kioo tarakimu ni moja. Namsifu hakumbuki kuigusa. Majibu sasa ni mengi, moja kwa kila mtoto, na mbele ya Elinipa pameandikwa unashuka. Anamtazama wifi yake, lakini mwanga wa mlangoni umemfuta uso. Anajifinya mkono. Anaumia, lakini hata kule kiwiko kiliuma.

Nipe mtoto, anasema, huku akiandika rufaa na kuipiga muhuri. Anamfunga mgongoni mwake mwenyewe. Mwepesi, Mungu wangu, mwepesi kweli. Tunaenda wapi? anauliza Nakijwa. Hospitali. Kwani mashine imebadili maneno? Mimi ndiye niliyeuliza vibaya, wifi, nisamehe njiani. Na sijui kama nimeamka. Kama hii ni ndoto, atatibiwa humuhumu.

Mbele ya zahanati barabara inashuka. Namsifu haishuki. Anaikata, kanga imekaza kifuani, na Nakijwa anamkimbilia nyuma.