Tiba Iliyotangulia Ugonjwa

Mpambaji alikuwa anaosha sponji za poda kwenye sinki la ghala, moja moja, akizikamua mpaka maji yatoke meupe, vichimbakazi walipoingia kwa dirisha la juu na kuuliza wasaini wapi. Kimo chao kilikuwa cha birika. Mwenye kuleta waigizaji wa ziada aliagizwa alete vichimbakazi, naye ni mtu anayejua kazi yake. Hakuleta watoto waliofungwa mbawa za karatasi, alileta wenyewe. Mpambaji akajifuta mikono kwenye aproni, akawaonyesha meza.

"Na chai je?" akauliza mkubwa wao, kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya.

"Chai saa nne. Sukari msiimalize."

Waliimaliza.

Ghala lile zamani lilikuwa la sabuni, na mvua ikivuja, sakafu ilitoa povu. Ndani yake mafundi walikuwa wamejenga msitu wa mbao na majani ya plastiki, wakaziba madirisha kwa mapazia meusi ili mchana uwe usiku. Walikuwa wanatengeneza filamu ya kichekesho cha zamani cha jukwaani, kile cha wapendanao wanaotorokea msituni na vichimbakazi wanaowavuruga kwa dawa ya macho. Ukitiwa dawa hiyo umelala, utakayemwona kwanza ukiamka ndiye utakayempenda. Mwongozaji, ambaye watu walimwita Bosi Tena kwa kuwa hakuridhika kamwe na mara ya kwanza, alisema kichekesho hicho kimechezwa jukwaani mpaka kimetoboka magotini, lakini mbele ya kamera kitavaa suruali mpya.

Sasa, filamu haifuati mpangilio wa hadithi, inafuata mahali. Mti mkubwa wa katikati ya msitu ulikuwa wa kuazima na ulitakiwa kurudishwa haraka, basi kila kinachotokea chini ya mti kikapigwa picha siku ya kwanza. Kimojawapo kilikuwa kile cha mwishoni, vichimbakazi wanapowafuta wapendanao macho kwa jani na kuwatoa dawa. Wakafutwa wote waliotakiwa, wakapona ugonjwa ambao walikuwa bado hawajaupata. Mti ukapakiwa kwenye lori. Hakuna aliyeona kasoro, maana ndivyo kazi inavyokwenda.

Kilichosahaulika ni kwamba vichimbakazi hawajui kuigiza. Ukiwaandikia wapike dawa, wanapika dawa.

Mume wa mpambaji alikuwa fundi taa wa hapo hapo ghalani. Kabla kazi haijaanza, walipokuwa wanakula, alimwambia mkewe kwamba filamu ikiisha atahama. Mpambaji akauliza kama anahamia kwa mshonaji, yule dada mpole aliyekuwa anashona magauni ya malkia. Akasema ndiyo. Mpambaji akamsogezea chumvi. Hakulia. Alijihisi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ambao upo lakini si wako. Tangu hapo waliendelea kuja kazini kwa gari moja, na begi la mume likawa limekaa mlangoni, wakilizunguka wakitoka na kulizunguka wakirudi. Ghalani kila mtu alijua, na kila mtu alivaa miwani yake ya mbao.

Siku ya kupiga picha ya usingizi, kijana aliyeigiza mpenzi wa kwanza alichelewa. Bosi Tena akamwambia fundi taa alale kwenye nyasi za plastiki badala yake, wapime mwanga.

"Mtie na dawa kidogo," akamwambia mpambaji, "nione inavyong'aa kwenye kope."

Kuitia ilikuwa kazi ya mpambaji, maana kwenye filamu uso wa mtu haushikwi na mwingine ila mpambaji. Akamtia mumewe tone kila jicho. Moja likamtiririka shavuni, akainama kulipangusa kwa pamba, na hapo fundi taa akafumbua macho.

Alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nyota zote zikizimika, nitatembea kwa mwanga wa paji lako." Ilikuwa kauli ya mpenzi wa kwanza, ukurasa wa katikati wa skripti, ila kwa fundi taa maneno hayo yalimkaa vizuri.

"Inang'aa," akasema Bosi Tena. "Tuendelee."

Kijana mwenyewe alipofika akalazwa, akatiwa dawa. Binti aliyetakiwa kusimama mbele yake alikuwa amegeuka kufunga kiatu, basi kijana akafumbua macho na kukutana na mtungi wa kuzimia moto. Mtungi ukahamishiwa chumba chake cha kubadilishia nguo, na katika picha zilizofuata ukawekwa nyuma ya mabega ya binti ili macho ya kijana yaelekee panapofaa. Binti hakulalamika. Alisema ameshawahi kuigiza na watu wanaotazama simu.

Nyumbani, fundi taa alilifungua begi na kurudisha nguo zake kabatini. Alimpikia mkewe, akamwekea kiti, akamsifu masikio. Akiishiwa maneno ya mpenzi wa kwanza alirudia yale yale tangu mwanzo. Mpambaji, aliyekuwa ameisikia skripti hiyo mpaka imemwingia usingizini, alijua kila mara neno linalofuata. Chai alimletea yenye sukari, na yeye aliiacha sukari tangu mtoto wao wa pekee alipoota meno. Aliinywa.

Mtoto huyo, sasa mama wa watu, alipiga simu.

"Mama, baba kaniuliza unapenda maua gani."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia sijui. Kwani unapenda maua?"

"Na mimi sijui," akasema mpambaji. "Mwambie ya njano."

Mchana mmoja wakila, mpambaji alimuuliza Bosi Tena jambo lililokuwa linamzunguka kichwani. Katika kichekesho kile kuna vijana wawili wanaotiwa dawa, lakini anayefutwa macho ni mmoja tu. Yule wa pili anaachwa nayo mpaka harusini. Kwa nini?

"Akifutwa tutabaki na harusi moja," akasema Bosi Tena. "Watu wanataka mbili."

"Mwenyewe aliulizwa?"

"Mama, hiki ni kichekesho. Kwenye kichekesho haulizwi mtu."

Meza ya pili, kijana aliyeigiza huyo wa pili alikuwa amemshika mkono binti aliyeandikiwa. Mchumba wake wa kweli alikuwa ameacha kumpigia simu.

Kichimbakazi mkubwa alikuwa juu ya gurudumu la nyaya, analamba kijiko. "Kitendawili," akasema.

"Tega," akasema mpambaji.

"Mgeni wangu anausifu mchuzi, ulimi kaazima."

Mpambaji akatafuna kwanza, akameza. "Mume wangu."

"Umepata. Wengi hunipa mji."

Kisha kadi ya kamera ya siku ya kwanza ikakataa kufunguka. Fundi wa kompyuta alijaribu kila njia, akainua mikono. Picha zote za chini ya mti zilikuwa zimepotea, na tiba pamoja nazo. Bosi Tena hakuhuzunika, kwani hakuzipenda sana. Akaagiza mti urudishwe Ijumaa, na kichimbakazi mkubwa akasema hakuna neno, atawafuta watakaoletwa, na ambaye hataletwa hatamfuata.

Alhamisi mshonaji alikuja chumba cha vipodozi na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kola yake.

"Dada."

"Sema."

"Jana nimepishana naye mlangoni. Kaniambia, samahani mama."

"Siku hizi ana adabu."

"Usinifanyie hivyo, dada."

Mpambaji akafunga kopo la poda. Mshonaji akaketi kwenye kiti cha waigizaji, mbele ya kioo, na kwa mazoea tu mpambaji akachukua pamba na kuanza kumfuta jasho usoni.

"Ulimtia makusudi?"

"Hapana. Bosi alitaka kuona inavyong'aa."

"Nakuamini." Mshonaji alikuwa amefumba macho. "Kesho utamleta? Mimi nikimwita hatakuja, hanijui."

"Alikuwa anakwambia nini? Zamani. Akikusifu."

Mshonaji akafikiri. "Hakuwa anasifu. Alikuwa ananishikia taa nikitunga uzi."

Mpambaji akaitupa pamba, akachukua nyingine. Akampaka poda kidogo puani, akampaka na mashavuni, mpaka akawa amependeza. Kisha akamwambia aondoke, kuna mtu anasubiri kiti.

Ijumaa mti ulifika, ukasimamishwa. Mvua ilikuwa imenyesha na povu lilifika vifundoni. Vichimbakazi wakapanda mtini kuchuma majani yao, wakashuka nayo mabegani kama miavuli. Asubuhi hiyo fundi taa alikuwa amefunga nyaya zote vizuri, akauliza kama kuna jingine. Mpambaji akamwambia balbu ya kioo chake imeungua, aende mjini akatafute, na asirudi na ya rangi ya baridi, atafute ya joto. Kwenye droo yake zilikuwepo za kutosha. Fundi taa akamwambia kwamba hata njia ya miiba ni zulia ikiwa imetoka kwake, akachukua ufunguo wa gari, akaenda.

Mpenzi wa kwanza aliletwa na mtungi wake. Kichimbakazi mkubwa akampitishia jani, jicho moja kisha la pili. Kijana akautazama mtungi, akauweka chini taratibu, akaomba maji. Baadaye alilia kidogo, akasema haoni aibu, ila mikono yake ni mitupu.

Kijana wa pili alisimama pembeni na binti wake. Skripti haikumtaja, hakufutwa.

"Wamekwisha?" akauliza kichimbakazi.

Msaidizi wa kamera alishughulika kufuta lenzi iliyokuwa safi. Bosi Tena aliangalia saa. Mshonaji alikuwa kando ya mti na gauni la malkia mapajani, uzi umekwama kwenye tundu la sindano, hasogezi mkono.

"Wamekwisha," akasema mpambaji.

Kichimbakazi akalikunja jani mara mbili, akalitia mdomoni, akalitafuna. Bosi Tena akasema picha imetoka vizuri mara ya kwanza, na hakuna tena.

Walikuwa wanaung'oa mti fundi taa aliporudi, kanyeshewa, balbu kaifunga kwenye shati isivunjike. Ghala lilikuwa giza, maana taa kubwa zilikuwa zimezimwa. Akamwendea mtu wa kwanza aliyemwona.

"Samahani, mama," akasema. "Mke wangu yuko wapi?"

Mshonaji alichomeka sindano kwenye gauni. Akanyoosha kidole.

"Yule pale," akasema.

Fundi taa akamshukuru kwa adabu, akaenda.