Sala ya Waliopotea Kliniki

Jioni ile bibi alikuwa anachambua mchele mezani, na mkwe wake ameketi mkabala naye, kompyuta mbele yake, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Muuguzi akisimama kutwa nzima wodi ya wazazi, miguu ndiyo hulalamika kwanza. Bibi ndiye aliyemwekea beseni, bila kuambiwa. Tangu mwanawe aanze kuendesha malori ya safari ndefu, nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na mjukuu anayewahi kulala, na kila mmoja alishajua mwenzake anaumwa wapi.

Kilichomnyima mkwe raha siku hizo ni ruzuku. Alitaka kufanya utafiti juu ya wanawake wanaopata presha wakiwa wajawazito, wakajifungua salama, kisha wasionekane tena kliniki. Wengi wao presha huwabakia mwilini kimyakimya, na miaka ikipita huwaangusha. Kwa nini hawarudi? Swali hilo lilimkaa rohoni tangu alipoletewa mama aliyepooza upande mmoja, mama ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemzalisha. Halikuhitaji maabara. Lilihitaji nauli, vocha za simu, vipimo vya presha na mtu wa kumsaidia kuwafuata majumbani, na mshahara wa muuguzi ulikuwa na wenyewe.

Basi akaanza kutafuta wafadhili kwenye simu, bando likiisha kabla ya sukari. Andiko lake la kwanza la kuomba ruzuku lilirudi hata halijasomwa: mfadhili yule alitoa kwa vyuo vikuu tu, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa ukurasa wa kwanza, ambao mkwe aliuruka kwa pupa. Alijicheka, akasema ameshajua sasa kwamba masharti ndiyo husomwa mwanzo. La pili lilisomwa na likajibiwa kwa adabu. Swali lako ni zuri, walimwandikia, ila hukutuonyesha wanawake hao utawapataje. Safari hiyo hakucheka. Sasa alikuwa ameliona tangazo la tatu, ruzuku ndogo za wauguzi na wakunga walio kazini, na mlango wa maombi ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi. Walitaka andiko, makadirio ya gharama, na barua ya daktari mkuu wa kituo chake cha afya. Daktari mkuu hakukataa. Alisema tu kwamba namba za simu za wanawake hao zimekufa na watu wamehama, kwa hiyo amletee kwanza hata wachache walio tayari kurudi, maana hawezi kuitilia sahihi ndoto.

"Na safari hii ikikwama?" bibi aliuliza.

"Nitaacha, mama. Nitabaki kuwapokea wakishaanguka."

Alilisema hilo akitazama maji ya beseni. Bibi aliokota kokoto kwenye mchele, akaitupa. Kila asubuhi yeye mwenyewe alimeza kidonge cha presha ambacho mkwe huyu ndiye aliyembana mpaka akakubali kupimwa, na kila akimeza alimshukuru Mungu kwa mwanawe kuoa vizuri, japo mwanawe alidhani sifa ni zake.

Mkwe alikuwa na desturi ya kusoma andiko kwa sauti ili ayasikie makosa. Akaanza kusoma. Akafika mahali akasema, "Zaidi ya nusu ya wanawake waliojifungua kituoni wakiwa na presha wamepotea."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya sinia. Wamepotea? Zaidi ya nusu? Alimtazama mkwe, akamwona anaendelea kusoma kama mtu anayesoma bei ya sabuni. Angeuliza, lakini macho ya mtoto wa watu yalikuwa mekundu kwa uchovu. Akajisemea kwamba hospitali zina mambo yake, na pengine wakubwa wameshaarifiwa. Akamaliza mchele wake. Kabla ya kulala aliwaweka wanawake wale kwenye sala, mmoja mmoja, japo hakuwajua majina.

Siku ya kikundi cha sala cha akina mama, kila mtu alipotaja haja yake, bibi alisimama akasema anaomba wamkumbuke mkwe wake anayetafuta ruzuku, na zaidi wawakumbuke wanawake waliojifungua kituo cha afya wakiwa na presha, kwa kuwa wengi wamepotea.

Hapo ndipo Kengele alipoinua kichwa. Kengele alikuwa muuza nyanya, na jina hilo alipewa kwa sababu jambo likimfikia yeye, mtaa mzima umeshaamka. Aliuliza wamepotea vipi. Bibi, mtu asiyesema uongo, alijibu kwa alichokijua: wamepotea, na hawajulikani walipo.

Waliomba sana siku hiyo. Waliomba mpaka wengine wakatokwa na machozi, halafu wakatawanyika, na habari nayo ikaota miguu.

Baada ya siku mbili mkwe alirudi kutoka kazini akavua viatu mlangoni bila kusalimia, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alikaa. Akasimulia kwamba langoni pa kituo walifurika watu tangu asubuhi. Mzee mmoja alitaka kujua kama binti yake aliyeolewa mbali yumo kwenye orodha. Kuna waliosema wanawake wanauzwa, na wengine waliapa kuwa walimwona dereva wa gari la wagonjwa akizunguka mtaani bila mgonjwa. Daktari mkuu alisimama juu ya kiti akatangaza kwamba hakuna aliyepotea, na kadiri alivyotangaza ndivyo walivyozidi kumtilia shaka.

"Sijui nani kaanzisha," mkwe alisema. "Daktari amesema barua yangu isubiri mpaka haya yatulie. Na mwisho wa mwezi ndio huu."

 Bibi alivuta kiti, akakaa, akashika meza.

"Ni mimi, mwanangu."

Akamweleza yote, toka mchele mpaka Kengele. Mkwe alimsikiliza mdomo wazi. Kisha akamweleza, polepole, kwamba hiyo ni lugha ya watafiti. Mtu aliyetakiwa kurudi kliniki asirudi, wao humwandika amepotea, basi. Yuko kwake, anapika, anafua.

Bibi alifikiri kidogo. "Sasa kama yuko kwake, mbona mnamzushia?"

Mkwe alitaka kukasirika, bibi aliona kabisa anavyojitahidi, lakini kicheko kilimshinda nguvu. Kilianzia tumboni kikaishia kwenye machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Bibi alimshika mkono. Alisema kesho atakwenda naye kituoni, asimame langoni, aombe radhi kwa mdomo ule ule uliokosea.

Na kweli alikwenda, amevaa kitambaa chake cha ibada. Ila alipofika hakukuta watu wa kuwaomba radhi. Alikuta wanawake kwenye benchi. Wa kwanza, mwenye mtoto mgongoni, alimfuata mkwe moja kwa moja.

"Sista, nasikia nimepotea. Nimekuja mnione."

Aliyemfuata alisema mume wake ndiye aliyemtuma, aje afutwe kwenye hiyo orodha, asije yeye akaambiwa amekuwa mjane. "Nikamwambia, ungekuwa mjane ungejuaje kupika?" Benchi zima likaangua kicheko. Na nyuma yao walikuwa wanakuja wengine, wawili wawili, wakiwa na kadi zao za zamani zilizokunjika.

Bibi alimtazama mkwe wake. Alimwona akisimama vile vile kwa kitambo, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, kisha akaingia ndani akatoka na kipimo cha presha. Aliwaambia kwa uwazi kwamba leo ni huduma tu, hajapata kibali cha kufanya utafiti, kwa hiyo haandiki maneno ya mtu popote ila kwenye kadi yake mwenyewe. Lakini maadam wamefika, wapimwe.

Bibi alibeba watoto wakati mama zao wakipimwa, na alisikia mengi bila kuuliza. Mmoja aliwahi kukaripiwa kwa kuchelewa, akaapa kutorudi. Kadhaa walisema waliambiwa mtoto arudi kwa chanjo, lakini wao wenyewe hawakuambiwa kitu. Yule mwenye mzaha wa mume alipopimwa, mkwe alipima tena, kisha akapima mkono wa pili. Akamshika bega akamwambia asiende mahali kwanza, amwone daktari. Mzaha ukamwishia mwanamke yule usoni. Bibi akasogea, akakaa naye, akamwonyesha kidonge chake mwenyewe alichokifunga kwenye pembe ya leso.

Daktari mkuu alimwona mgonjwa, akaandika dawa, akatoka nje. Alitazama benchi, akatazama mstari uliofika langoni. Alimuuliza mkwe amewaitaje watu namna hii.

"Kwa kikundi cha sala cha mama mkwe wangu, daktari."

Barua ilitiwa sahihi mchana ule ule.

Kwenye andiko mkwe alibadilisha mambo mawili. Mahali pa "wamepotea" aliandika "hawajarudi". Na palipoulizwa wanawake watapatikanaje, alieleza kwamba habari itapelekwa kupitia vikundi vya akina mama, ikiwa imeandikwa na kukaguliwa, ili safari hii iwe ya kweli. Alilituma siku chache kabla ya mlango kufungwa. Kisha wakangoja, na kungoja huko bibi alikujua, akamfundisha: unaweka chungu motoni, unaomba, unafanya kazi nyingine.

Jibu lilipokuja, mkwe alikuwa jikoni anadeki, bibi ameketi kando kwenye kigoda. Alisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alisoma kwa sauti, kutafuta makosa, na hakuyaona. Ruzuku amepewa. Alipiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maji, akaweka kichwa mapajani mwa bibi, akasema "ahsante mama" mpaka bibi akamwambia ainuke, nguo inalowa.

Kibali kilipotoka kazi ikaanza, na Kengele ndiye aliyeomba mwenyewe kuwa msomaji wa tangazo. Wengi walitia shaka. Mkwe akamwandikia mistari michache kwa herufi kubwa, akamlisha kiapo kwamba hatatia chumvi.

Siku ya kikundi, mkwe naye akiwa ameketi kando ya bibi, Kengele alisimama, akashika karatasi kwa mikono miwili. Akasoma: mama yeyote aliyejifungua kituoni akiwa na presha anakaribishwa apimwe, hata kama amekaa muda mrefu bila kurudi, na hakuna atakayemkaripia. Akafika mwisho. Akainua macho, na bibi, aliyeyajua maneno yale kwa moyo, alimsikia akiongeza:

"Kliniki imewakumbuka."

Mkwe alimgeukia bibi. Hayo hayakuandikwa. Bibi alimfinya mkono kidogo, kumwambia amwache, akainamisha kichwa kwa ajili ya sala.